Salio

Kuku mmoja akikatiza uani kwa bibi, Kibondo, ananigharimu biti nyingi kuliko bibi mwenyewe. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu wa maabara maneno hayo kama mzaha, nao walicheka, maana wote tulikuwa tunaandika tasnifu za mambo ambayo nyumbani hayaelezeki. Mimi niliangukia kwenye kubana video. Mama, aliyeko Kasulu, aliniuliza kwenye simu ninasomea nini hasa mwaka wa pili huu. Nikamwambia nafanya video ziwe ndogo.

"Kwa hiyo unazikata?"

"Hapana, Mama. Nazibashiri."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Lakini ndivyo ilivyo. Video ni picha tupu zinazofuatana, kama 30 kwa sekunde, na kila moja inafanana mno na iliyoitangulia. Ukizituma zote nzima hakuna bando litakalokutosha. Kwa hiyo programu inayobana, tunaiita enkoda, inaigawa picha katika vipande vya mraba, na kwa kila kipande inauliza: kitu kama hiki nilikiona wapi? Ikikipata kwenye fremu iliyopita, haitumi kipande. Inatuma maelekezo tu: chukua kile cha zamani, kisogeze pikseli 3 kushoto. Huo ndio ubashiri. Kisha inatoa ubashiri kwenye ukweli, na kinachobaki, yaani kile ilichoshindwa kukisia, ndicho kinachosafiri hewani.

Kwenye tasnifu nilikiita salio. Nilitafuta neno wiki nzima na hili lilikuwa mdomoni mwangu kila siku: salio lako halitoshi. Ubashiri ukiwa mzuri, salio linakaribia sifuri. Likikaribia sifuri, enkoda inalikadiria kuwa sifuri kabisa, hailitumi, na simu ya upande wa pili inanakili tu ilichonacho. Kwa lugha yetu kipande hicho kimerukwa. Ukuta wa bibi unatumwa mara moja. Baada ya hapo ni kurukwa tu, fremu baada ya fremu.

Fani nzima ya kubana video, ukiitazama kwa mbali, ni historia ya kukisia vizuri zaidi. Kiwango cha H.264 kilitoka mwaka 2003, HEVC 2013, VVC 2020, na kila kimoja kililenga kutumia karibu nusu ya biti za kilichotangulia kwa ubora uleule. Vipande vilianza na pikseli 16 kwa 16, vikafika 64 kwa 64, sasa 128 kwa 128, na vinagawika vidogo pale penye mambo mengi. Namna za kukisia kipande kutokana na jirani zake ndani ya picha ileile zilikuwa 9 kwa vipande vidogo vya H.264, VVC ina 67. Watu wamezeeka wakiongeza namna za kukisia.

Mchango wangu ulikuwa mdogo na ulihusu kuku. Kuku akipita mbele ya ukuta anaufunika. Akishapita, ukuta unafunuka, lakini kwenye fremu iliyotangulia pale palikuwa na kuku, kwa hiyo enkoda haina pa kuchukulia ukuta na inalazimika kuutuma upya. Dawa yake inajulikana tangu zamani: hifadhi picha ya kale ya ua ukiwa mtupu, uwe unachota humo. Mimi nilikuwa nashughulikia jambo moja tu, namna ya kuamua ni sehemu gani za picha hiyo ya kale zifanywe upya na lini, bila kuichosha simu ya bei ndogo. Jua linasogea, kivuli cha mwembe kinahama, mtu anaanika nguo. Ukumbusho nao unachakaa.

Sasa, kila mtu katika fani hii anapima kazi yake kwa video zilezile. Kuna "Foreman", mzungu mwenye kofia ngumu anayeongea na kamera kwenye eneo la ujenzi. Kuna "Akiyo", mtangazaji wa habari wa Kijapani aliyekaa mbele ya skrini, hasogei, midomo tu na kope. "Akiyo" ni rahisi kubana kuliko karibu zote. Ukitaka kujisifu, anza na "Akiyo". Mimi nilitaka video za kwetu: vumbi jekundu, migomba inayocheza na upepo, nyuso nyeusi kwenye kivuli cha baraza, mahali ambapo enkoda nyingi hukadiria giza lote kuwa giza moja. Nikatengeneza mbili. Ya kwanza niliita "Soko", nikairekodi mwenyewe sokoni Kasulu nilipokwenda likizo: wauza migebuka, mawese kwenye chupa za maji, mitumba inayorushwa juu ili ionekane, miavuli. Hakuna enkoda inayoipenda "Soko". Ya pili niliita "Ua", na hiyo niliagiza.

Bibi anaishi Kibondo na hajawahi kukubali kuhamia Kasulu kwa wazazi wangu. Anasema Kasulu watu wanatembea kama wanadaiwa. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anakaa naye. Nilimwelekeza kwa simu: jaza mchanga kopo la rangi, simika mti, funga simu kwa mpira wa baiskeli, lielekeze kwenye baraza. Kila mwezi, saa nne asubuhi, rekodi mara tatu, dakika tatu kila moja. Tuma usiku kama dokumenti, si kama video, vinginevyo WhatsApp itaibana kabla yangu. (Najua simu yenyewe imeshaibana wakati wa kurekodi. Msimamizi wangu ameshanisomea hilo, usinisomee tena.)

Kwenye faili za kwanza, za Novemba, bibi amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua maharage. Anamuuliza mdogo wangu afanye nini. "Usifanye kitu, Bibi. Kaa tu." Haikumwingia akilini. Aliisemesha simu dakika zote tatu. Aliniita mume wangu, kama anavyoniita tangu utoto, akaniuliza kama huko mjini nimeshaoa mke mdogo bila ruhusa, akainua nyusi, akasubiri nijibu, akacheka mwenyewe kwa kuwa sikujibu. Niliitazama hiyo hadi mwisho. Kisha nikaiingiza kwenye programu.

Hadi Juni nilikuwa na faili 24, na namba zilikuwa zinanipendelea. Kwa ubora uleule, "Ua" ya Juni ilitumia biti pungufu kwa karibu robo kuliko ya Novemba. Nilikuwa nimeboresha ubashiri wangu mara kadhaa katikati, kwa hiyo niliona ni haki yangu. Sehemu moja tu ilinikera: mapajani kwa bibi, karibu na mkono wa kulia, palibaki na salio lisiloisha, dogo lakini la kila fremu. Nilidhani ni chengachenga za kamera kwenye kivuli. Nikawasha kichujio cha kulainisha picha kabla ya kuibana. Salio likapungua. Nikaandika kwenye daftari: tatizo la mkono limekwisha.

Miezi hiyohiyo tulikuwa tunapigiana simu za video, Jumapili. Picha ya bibi ilikuwa inazidi kuwa safi. Zamani uso wake ulikuwa ukivunjika vipandevipande kila akicheka, nami nangoja ujiunge tena. Sasa ulikaa umetulia, kila kunyanzi kinaonekana. Nikamwambia mama nadhani Kibondo wamewekewa mnara mpya. Sauti ndiyo ilikuwa ndogo. "Bibi, ongea kwa nguvu, mtandao unasumbua." Aliongea, na bado ilikuwa ndogo. Mtandao ulibeba lawama hiyo peke yake miezi mitano. Hakuniita tena mume wangu mara kwa mara. Akisema jambo la utani nilichelewa kujua kuwa ni utani. Mama alisema ni uzee, na mimi nilikubali upesi, kwa sababu uzee ni ubashiri usiohitaji salio.

Msimamizi wangu ni mama mmoja mpole ambaye upole wake unauma. Nilimpelekea jedwali. Alilisoma, akavua miwani.

"Ya Novemba uliibana kwa toleo lipi?"

"La zamani, Dokta. La Juni kwa jipya."

"Na enkoda ya kawaida, isiyo na mchango wako, umeiendesha kwenye ya Juni?"

Sikuwa nimeiendesha. Hili ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukatazwa. Nilirudi maabara nikaiendesha usiku uleule, na enkoda ya kawaida, ambayo haikujua chochote kuhusu ukumbusho wangu, nayo ilishuka. Ilishuka karibu kama yangu. Maana yake sikuwa nimekuwa hodari. Video ndiyo ilikuwa imekuwa rahisi.

Kwanza nilisingizia majira. Novemba Kigoma ni mvua, Juni ni kiangazi. Lakini kiangazi kina upepo, na migomba ya Juni ilikuwa inacheza zaidi. Basi nikachora ramani: kila kipande kilichorukwa nikakipaka bluu, kila kilichohitaji salio nikakipaka nyekundu, kisha nikaiweka Novemba kushoto na Juni kulia.

Ukuta, bluu pande zote mbili. Migomba, nyekundu pande zote. Kuku, nyekundu. Tofauti yote ilikuwa imekaa juu ya mtu mmoja. Novemba uso wa bibi ulikuwa unawaka: macho, nyusi, mashavu, mdomo. Juni uso ulikuwa bluu. Midomo tu ilikuwa na wekundu kidogo, na macho mara mojamoja. Mkono wa kushoto, ule uliokuwa ukiruka hewani akisimulia, bluu. Alikuwa amekuwa "Akiyo".

Na pale mapajani, nilipozima kichujio, kulikuwa na doa jekundu lisilozimika.

Nilichora grafu ya salio la doa lile peke yake, fremu kwa fremu. Chengachenga za kamera hazina mpangilio. Hili lilikuwa na mpangilio kama wa saa ya ukutani: linapanda, linashuka, karibu mara 5 kwa sekunde, dakika zote tatu. Nikafunga programu na kuifungua video kama anavyoifungua mtu wa kawaida. Ungo ulikuwa pembeni. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya khanga, na kidole gumba kilikuwa kinasuguana na cha shahada, kama mtu anayehesabu noti ambazo hazipo.

Faili zile 24 nilikuwa nimezipitisha kwenye enkoda mara nisizozihesabu. Nilizojua kwa kuzitazama hadi mwisho zilikuwa za Novemba.

Sikuhitaji kutafuta sana. James Parkinson aliuandika ugonjwa huu London mwaka 1817 na ukabaki na jina lake. Mkono unatetemeka ukiwa umepumzika, mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Mwili unakuwa mzito kuanza jambo. Sauti inafifia. Kope hazipepesi kama zamani, na uso unakosa mchezo wake hadi waganga wanaulinganisha na kinyago, ingawa mtu aliye ndani anacheka na kuudhika kama kawaida. Nilisoma pia kwamba watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta wagonjwa wengi hawakuwahi kuambiwa wana nini. Watu walisema ni uzee. Kwa hiyo tulikuwa wengi.

Nilipanda basi hadi Kasulu, nikalala kwa wazazi, na asubuhi mimi na mama tukachukua gari la Kibondo. Vipande vya lami vilikuwa vimeanza kuungana kwenye ile barabara ya Kabingo hadi Manyovu. Unateleza kwenye lami, unasahau, halafu unarudishwa kwenye vumbi na mitaro. Tulipita Makere, zinapokata gari za kambi ya Nyarugusu, tukapita Mvugwe, tukapita njia panda ya Nduta. Mama alikuwa ananiuliza nimejuaje. Nilijaribu kumweleza bluu na nyekundu. Akaniambia, bila ukali, kwamba yeye alikuwa huko Pasaka, akakaa naye siku nne, na kitu pekee alichokiona ni kwamba bibi hatii chumvi. Kisha akatazama nje hadi tulipofika.

Sisi Waha tunasalimiana kwa makofi. Unainama kidogo, viganja vinagongana taratibu, "Mwakeye," na anayejibu naye anapiga, na mnaulizana ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, majibu yote yakiwa yanajulikana kabla hayajasemwa. Mtu wa nje anaweza kuona ni kupoteza muda. Lakini salamu inayojulikana hivyo haifichi kitu; likichelewa jibu moja tu, umeshasikia habari. Nilipiga makofi mlangoni. Bibi, kwenye kiti, aliinua mikono. Wa kushoto ulifika. Wa kulia ulichelewa, ukafika nusu, na kofi lililotoka halikuwa na sauti. Akarudia. Mama akageuka akajifanya anatafuta mahali pa kuweka mzigo.

"Mume wangu," bibi alisema, kwa sauti ya mtu wa chumba cha pili. "Umekuja kunirekodi?"

Uso haukusogea. Nilikaa sekunde nzima bila kujua kama nimelaumiwa au nimetaniwa. Ndipo nikaona mabega yake yanatikisika.

Tulimrudisha Kasulu hospitali. Daktari alikuwa kijana, si mkubwa kwangu sana. Alimwamkia kwanza, akauliza ya Kibondo, kisha akamwomba agonganishe kidole gumba na cha shahada upesiupesi, afumbue na kufumba ngumi, atembee hadi mlangoni ageuke. Kugeuka kulimchukua bibi hatua nyingi ndogondogo, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Hakukuwa na kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Ugonjwa huu unatambuliwa hasa kwa kumtazama mtu, daktari alisema, na kwa kumtazama muda wa kutosha. Hakuwa ananisema mimi. Aliandika levodopa, akatueleza kwamba haiponyi bali inarudishia mwili kile unachopungukiwa, ianze kidogo, apewe kabla ya chakula, na wala tusitegemee mkono utulie wote. Dawa hatukuzipata siku hiyo. Baba alihangaika nazo wiki mbili.

Niliporudi chuoni nilifuta jedwali. Nilipima upya mwezi kwa mwezi, enkoda zote mbili kwenye video ileile, kwa njia ya Bjøntegaard ya mwaka 2001 ambayo nilipaswa kuitumia tangu mwanzo. Mchango wangu ulibaki asilimia chache, zote za kuku na kivuli cha mwembe. Kichujio nilikiondoa kabisa, na kwenye sura ya nne nikaeleza kwa nini, katika aya moja isiyomtaja bibi. Msimamizi aliisoma akauliza kama ninataka kusema zaidi. Nikasema hapana. Alichoniuliza baada ya hapo ni kama mwenye video amekubali zitumike.

Nilimpigia bibi. Nilimweleza kwamba watu wengine watamwona, wasiomjua, wakipima hesabu zao. Alifikiri muda mrefu, au uso wake ndio uliofikiri muda mrefu.

"Wamwone yule wa Novemba," alisema.

Mdogo wangu hakuacha kurekodi, ingawa sikumwomba tena. Kopo la mchanga lilikuwa limeshazoea mahali pake. Mwezi wa tatu wa dawa alinitumia ujumbe saa saba usiku: Kaka, faili la leo limekula bando lote, niongezee. Nikamuuliza kwa nini, dakika tatu hazijawahi kula bando. Akajibu kwamba si dakika tatu, ni kumi na moja, alimwambia bibi imetosha na bibi akakataa kunyamaza.

Nilikata dakika tatu za kwanza, nikazipima kama zilivyopimwa nyingine zote. Biti zilikuwa zimepanda. Kwenye ramani, mkono wa kulia bado ni mwekundu. Kuzunguka mdomo ni mwekundu pia, na kwenye dakika ya pili, pale anapoinua nyusi na kusubiri, paji lote la uso.

Nilimtumia mdogo wangu bando, nikavaa vipokea sauti, nikairudisha mwanzo.